Visiwa vya Wanyama Wasiojua Kukimbia

Wahenga walisema tembea uone. Lakini sisi wanafunzi, ambao hata nauli ya kwenda nyumbani likizoni ni kazi kwa wazazi kuipata, tutatembea vipi mpaka upande wa pili wa dunia? Jawabu ni filamu. Katika makala haya ninakusudia kukueleza, msomaji mpenzi, juu ya filamu moja ya zamani kuhusu wanyama wa visiwa vya Galápagos, visiwa vilivyozaliwa na volkeno katikati ya bahari. Nitaeleza waliotengeneza filamu hiyo, wanyama wenyewe wakoje, na hasa swali moja ambalo limenikalia kichwani: kwa nini wanyama wa huko hawamkimbii mtu? Swali hili laonekana dogo, lakini ukilifuata mpaka mwisho wake utakuta ni swali la uhai na mauti.

FILAMU NA WALIOITENGENEZA

Filamu yenyewe inaitwa The Enchanted Isles, yaani Visiwa vya Mazingaombwe. Ilitoka mwaka wa 1967 katika vipindi vya wanyama vilivyojulikana kama Survival, vya kampuni ya televisheni ya Anglia huko Uingereza. Msimulizi wake alikuwa Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye alikuwa amevizuru visiwa hivyo mwaka wa 1964.

Je, walioshika kamera walikuwa akina nani? Usidhani walitoka mbali. Walikuwa watu wa hapa hapa kwetu, bwana na bibi waliokuwa na makao yao kando ya Ziwa Naivasha: Alan Root na mkewe Joan. Joan alizaliwa Nairobi, naye Alan alizaliwa London akaletwa Kenya angali mtoto. Walioana mwaka wa 1961, na kwa miaka mingi walifanya kazi pamoja kama kidole na pete. Alan ndiye aliyejulikana sana, lakini bila Joan mambo hayangekwenda. Yeye ndiye aliyepanga safari, akatunza vyombo na kuhakikisha kila kitu kipo mahali pake. Baadaye wawili hao walitengeneza filamu nyingi za wanyama wa Afrika Mashariki, ikiwemo ile ya viboko wa chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, na ile ya mchwa na vichuguu vyao, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Kumbuka pia kwamba enzi hizo hakukuwa na kamera za dijitali. Picha zilinaswa kwenye utepe wa filamu, na mpigaji hakujua amepata nini mpaka utepe ule usafishwe. Ukikosea, basi umekosea. Kazi ilitaka subira, na subira, kama tujuavyo, huvuta heri.

VISIWA VILIVYOTOKA MOTONI

Galápagos ni milki ya nchi ya Ecuador, na viko katika Bahari ya Pasifiki, yapata kilomita 1000 magharibi mwa bara la Amerika ya Kusini. Visiwa vikubwa ni 13, na kilicho kikubwa kuliko vyote ni Isabela. Mstari wa ikweta unaopita kwetu Nanyuki na Maseno ndio huo huo unaokikata kisiwa cha Isabela upande wa kaskazini.

Visiwa hivi havikuwahi kuungana na bara. Chini ya bahari kuna mahali penye joto kali ambapo mawe yaliyoyeyuka hupenya na kupanda juu. Lava ilimwagika, ikapoa, ikarundikana tabaka juu ya tabaka, mpaka siku moja kilele kikachomoza nje ya maji. Gamba la dunia linasogea polepole kuelekea mashariki juu ya mahali hapo penye moto. Kwa hivyo visiwa vya mashariki ni vikongwe, vina umri wa mamilioni ya miaka, ilhali vya magharibi bado ni vijana. Kisiwa cha Fernandina kingali kinatema moto. Kililipuka tena mwaka wa 2024.

Mabaharia wa Kihispania ndio waliotunga lile jina la mazingaombwe. Mikondo ya bahari huko ni yenye nguvu na ukungu ni mzito, hata nahodha aliyekiona kisiwa upande huu asubuhi hakukiona tena jioni. Wakadhani ni visiwa vinavyohama! Mtu wa kwanza kuacha maandishi juu ya visiwa hivi ni Tomás de Berlanga, askofu wa Panama, ambaye merikebu yake ilichukuliwa na maji mpaka huko mwaka wa 1535. Alikuta mawe, miiba, uhaba wa maji, na wanyama ambao hakuwa amewaona popote.

WAKAZI WENYEWE

Sasa tuje kwa wanyama. Nitawataja wachache tu, maana nikisema niwaeleze wote gazeti hili halitatosha.

Wa kwanza ni kobe. Kobe wa huko si kama huyu wetu mdogo tunayemwokota njiani. Dume kubwa huweza kuzidi kilo 250, yaani uzito wa magunia karibu matatu ya mahindi, na huishi zaidi ya miaka 100. Anaweza kukaa hata mwaka mzima bila chakula wala maji. Tena hawafanani. Katika visiwa virefu vyenye mvua na nyasi, gamba la kobe ni la mviringo kama kuba. Katika visiwa vikavu, gamba limeinuka mbele kama tandiko la farasi na shingo ni ndefu, ili mnyama aweze kunyoosha kichwa na kufikia majani ya mpungate, ule mmea wa miiba.

Wa pili ni iguana wa baharini. Huyu ni mjusi mweusi mwenye sura ya kutisha, lakini hana madhara yoyote. Ndiye mjusi pekee duniani anayetafuta chakula chake baharini. Hupiga mbizi akakwangua mwani kwenye miamba, kisha hutoka akiwa baridi kama jiwe na kujianika juani. Chumvi inayozidi mwilini huitoa kwa kupiga chafya! Tena kuna jambo la kustaajabisha zaidi. Mikondo baridi ikikatizwa na maji ya joto ya El Nino, mwani hufa na njaa huingia. Watafiti waliowapima iguana hawa mwaka baada ya mwaka walitangaza mwaka wa 2000 kwamba wakati wa njaa hiyo mjusi hupungua urefu wake, pengine hata kwa asilimia 20, kisha hurefuka tena chakula kirudipo. El Nino ile ya 1997 na 1998 iliyosomba madaraja yetu hapa Kenya ndiyo hiyo hiyo iliyowafupisha iguana wa Galápagos. Dunia ni moja, jamani.

Wa tatu ni mnandi asiyeruka. Mnandi wa kwetu wapo Naivasha na Ziwa Viktoria, na kuruka wanajua sana. Yule wa Galápagos, kwa kuwa chakula chake kiko majini na nchi kavu hakuna wa kumfukuza, mabawa yake yamefifia vizazi kwa vizazi yakabaki vijibawa visivyofaa kitu hewani. Jirani yake ni pengwini, ndege wa nchi za barafu, ambaye huko yupo hapo hapo kwenye ikweta kwa sababu ya mikondo ya maji baridi.

Wa mwisho ni chiriku. Kwa macho ni vijindege vya kawaida tu, lakini ndivyo vilivyoitikisa sayansi. Zipo aina zaidi ya kumi, na kila aina ina mdomo wake: mnene wa kuvunja mbegu ngumu, mwembamba wa kudona wadudu, na kadhalika. Chiriku mmoja hushika mwiba mdomoni na kuutumia kama kijiti cha kuchokolea mabuu ndani ya miti. Wanasayansi Peter na Rosemary Grant walianza kuwapima chiriku wa kisiwa kidogo cha Daphne Major mwaka wa 1973. Ukame wa 1977 ulipokuja, mbegu laini ziliisha zikabaki ngumu. Wenye midomo midogo wengi walikufa. Wenye midomo mikubwa wakaishi na kuzaa watoto wenye midomo mikubwa. Hivyo mageuko, ambayo Charles Darwin aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1859, yakaonekana kwa macho na kupimwa kwa rula.

JE, NI WAJINGA?

Jambo ambalo mtu huliona mara moja katika filamu za Galápagos ni ukaribu. Kamera iko hapa, mnyama yuko hapa. Ndege amelalia mayai na wala hashtuki. Simba wa bahari wamejilaza mchangani, mtu anapita kando yao, nao wanajigeuza ubavu wa pili na kuendelea kulala. Linganisha na kwetu. Katika chemchemi za Mzima kiboko alimshambulia Alan Root akamng'ata mguu. Swala wa Tsavo akisikia kijiti kimevunjika, yeye huyoo!

Tulipokuwa tukizungumza habari hizi bwenini, rafiki yangu mmoja aliangua kicheko. "Hao wanyama ni wajinga kabisa," akasema. "Mtu anakuja na wewe umekaa tu? Si ni kujitakia kuwa kitoweo?" Wengi walimuunga mkono, na mimi nikaamua kulitafutia jambo hili jibu la sawasawa.

Jibu liko katika namna wanyama walivyofika huko. Kisiwa kilipochomoza kilikuwa jiwe tupu. Ndege walikuja kwa mabawa. Simba wa bahari na pengwini waliogelea. Kobe na mijusi walielea, wengine bila shaka wakiwa juu ya magogo na matakataka yaliyosombwa na mito ya bara wakati wa mafuriko. Lakini chui hawezi kuelea kilomita 1000 baharini bila maji ya kunywa. Wala mbwa mwitu. Wala fisi. Kwa hivyo nchi kavu ya Galápagos haikuwahi kuwa na mnyama mkubwa mwenye meno wa kuwawinda hao wengine. Mwewe yupo, lakini yeye huwinda wadogo.

Woga ni gharama, ndugu msomaji. Kila unapokimbia unaacha chakula, unaacha mayai, unapoteza nguvu. Mahali penye chui, gharama hiyo inalipa. Mahali pasipo na chui, anayekimbia bure ndiye anayekufa njaa. Tunasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Je, ambaye katika vizazi elfu hakuna aliyeumwa, ashtukie nini?

Darwin mwenyewe, alipofika na merikebu ya Beagle mwezi wa Septemba 1835 akiwa kijana wa miaka 26, aliliona jambo hili. Aliandika kwamba alimsukuma mwewe kutoka tawini kwa mdomo wa bunduki yake. Tena alimshika iguana akamrusha majini mara nyingi, na kila mara mjusi alirudi moja kwa moja hadi pale pale alipokuwa amesimama mtu aliyemrusha! Darwin alikisia kwamba adui anayejulikana kwa iguana ni papa, na papa yuko majini. Nchi kavu ndiyo salama yake. Sasa mwambie yule rafiki yangu: iguana alikuwa na akili timamu. Ila akili ile ilifundishwa na dunia ambayo mtu hakuwamo.

MGENI ALIPOKUJA

Sisi Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika Galápagos methali hii iligeuka juu chini. Mgeni alikuja na mwenyeji akaangamia.

Ile sifa ya kobe ya kukaa mwaka bila kula ndiyo iliyomponza. Mabaharia na wawindaji wa nyangumi waligundua kwamba hapa pana nyama isiyooza. Kobe alibebwa akiwa hai, akapinduliwa mgongo chini tumboni mwa merikebu, akapangwa juu ya wenzake, na baada ya miezi mingi akachinjwa akiwa bado mbichi. Hata Beagle iliondoka na kobe wapatao 30, na makaka yao yakatupwa baharini baada ya mlo. Wataalamu hukadiria kwamba kobe kati ya laki moja na laki mbili waliangamia kwa jumla.

Baada ya mtu wakaja wafuasi wake: panya, nguruwe, mbwa, paka na mbuzi. Panya na nguruwe walikula mayai na vitoto vya kobe. Mbuzi walimaliza majani. Sikiliza habari ya kisiwa cha Pinta. Mwaka wa 1959 Ecuador ilivitangaza visiwa hivi kuwa mbuga ya taifa, furaha iliyoje! Mwaka ule ule, wavuvi walishusha mbuzi watatu katika Pinta ili wapate nyama siku zijazo. Watatu tu. Katika muda wa miaka kumi na kitu mbuzi walikuwa makumi ya maelfu, na kisiwa kilikuwa kimeguguniwa mpaka kwenye udongo.

Mwaka wa 1971 mtafiti mmoja aliyekwenda Pinta kuchunguza konokono alimwona kobe dume, peke yake. Watu walikuwa wamedhani kobe wa Pinta wamekwisha. Akapelekwa kituo cha utafiti katika kisiwa cha Santa Cruz, akapewa jina la George Mpweke. Alitafutiwa jike la Pinta kila mahali, hata katika hifadhi za nchi za nje, asipatikane. Alijaribiwa na majike wa aina zilizo karibu naye, lakini mayai hayakuangua. Aliishi pale miaka 40. Tarehe 24 Juni 2012 alikutwa amekufa, na pamoja naye kobe wa Pinta wakawa historia. Joan na Alan Root walipokuwa wakipiga filamu yao miaka ya 1960, kobe huyo alikuwa hai huko Pinta, akitembea kati ya mbuzi, na hakuna aliyejua.

KUREKEBISHA

Lakini si kilio kitupu. Katika kisiwa cha Española walikuwa wamebaki kobe 14 tu: majike 12 na madume mawili. Wote walikusanywa na kutunzwa. Baadaye akaongezwa dume la tatu, Diego, aliyepatikana katika hifadhi ya wanyama ya San Diego, Marekani. Kutokana na hao 15 walipatikana watoto wapatao 2000 waliorudishwa kisiwani, na mwezi wa Juni 2020 wazee wenyewe wakarudishwa kwao wakapumzike.

Mbuzi nao walishughulikiwa. Kati ya mwaka wa 1997 na 2006 waliondolewa zaidi ya laki moja katika visiwa vya Santiago na Isabela. Waliobaki walijificha kweli kweli, hata ikabidi kutumia mbuzi wasaliti: mbuzi anafungwa chombo cha redio shingoni, anaachiliwa, na kwa kuwa mbuzi hapendi upweke anawatafuta wenzake na kuwaonyesha wawindaji walipo. Kazi hiyo ilikuwa chungu, na sitasema nimefurahia kuisoma. Lakini kosa la mtu anayeshusha mbuzi watatu husafishwa kwa damu ya maelfu. Hilo ndilo fundisho lake.

Kwa mgeni wa siku hizi kuna kanuni: asitembee bila kiongozi, asilishe wala kugusa mnyama, na akae umbali wa mita mbili. Mita mbili zile, kwangu mimi, zina maana kubwa. Wanyama hawakujifunza woga kwa wakati, kwa hiyo ni sisi tuliopaswa kujifunza adabu.

NA SISI JE?

Pengine utauliza, hayo ya Pasifiki yatuhusu nini? Kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Ziwa pia ni kisiwa kwa samaki. Katika Ziwa Viktoria waliishi fulu wa mamia ya aina, kila aina na mdomo wake na chakula chake, kama wale chiriku. Miaka ya 1950 mbuta alianza kutiwa ziwani. Mbuta ameleta biashara na ada za shule, na wengi wetu tumesomeshwa naye, siwezi kumtukana. Lakini fulu hawakuwa wamewahi kukutana na mlaji kama yule, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa zimetoweka. Na ule mpungate ambao ni chakula cha kobe wa Galápagos? Jamaa zake walipoletwa Laikipia kutoka Amerika walitapakaa, na leo wafugaji wanalia jinsi miiba yake inavyoumiza midomo ya mifugo na kuziba malisho.

Naivasha je? Joan Root alirudi kutoka visiwa vya mbali akaishi kando ya ziwa lake mpaka uzeeni. Miaka yake ya mwisho aliitumia kupigana na uvuvi haramu uliokuwa ukilimaliza ziwa hilo. Mwezi wa Januari 2006 alipigwa risasi akafa nyumbani kwake. Alan alifariki mwaka wa 2017. Filamu zao zimebaki.

Wenzangu, mkipata nafasi ya safari ya shule kwenda Mombasa, ombeni mpitie Haller Park kule Bamburi. Huko wapo kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, kisiwa cha Bahari ya Hindi katika nchi ya Ushelisheli. Mmoja wao, aliyeitwa Mzee, ndiye aliyepata sifa baada ya tsunami ya Desemba 2004, pale mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi alipomkimbilia na kumfanya mama yake. Jamaa za kobe hao katika visiwa vya Morisi na Réunion waliliwa na mabaharia mpaka wa mwisho. Simameni mbele yake. Hatakimbia. Mtazameni kwa heshima, msimpande mgongoni, wala msimrushie maganda ya njugu.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Mwenye swali au pingamizi anitafute kwenye mkutano wa chama, tujadiliane.